Kwa Nini Mwalimu Anasoma Kikorea

Nilifundisha watu kusoma kwa miaka thelathini na minane, kwa hiyo macho yangu yaliposhindwa kusoma sikumwambia mtu. Ilianza Januari. Maneno yanayopita chini ya filamu yaliingia ukungu, kisha yakawa utepe mmoja mweupe, kisha hata utepe wenyewe nikawa naukisia. Nilipangusa runinga, nikapangusa miwani, nikamlaumu fundi wa runinga. Fundi akaja kutoka sokoni Kisaju, akatazama, akasema picha iko sawa kabisa, nami nikamwambia aende zake.

Filamu hiyo ni ya Kikorea, ya vipindi mia na ishirini. Binti yangu Kui aliniletea kwenye flashi baada ya mume wangu kufariki, ili nisikae nikitazama ukuta. Inamhusu mjane anayetengeneza mchuzi wa soya kwenye mitungi mikubwa nyuma ya nyumba, mwenye wana watatu walioleta wake watatu, na wote sita wanautolea macho ule uwanja wa mitungi. Nilimpenda yule mama tangu kipindi cha kwanza. Ana mdomo, na hamwogopi mtu aliyemzaa mwenyewe.

Sikuwa natazama peke yangu. Jirani yangu Nashipae, ambaye boma lake limepakana na ua wangu, huja kila alasiri na chupa yangu ya maziwa. "Takwenya," namwamkia kwa Kimaasai. "Iko," anaitika, kisha anavua viatu na kuketi mahali pake. Nashipae hakupelekwa shule, na Kiingereza cha yale maandishi hakimhusu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimsomea mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, sauti za watu wote nikiziigiza mwenyewe. Hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote katika siku yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Maandishi yalipotoweka nilikuwa na njia mbili, kukiri au kutunga. Nikatunga. Mwalimu asiye na kitabu hufundisha kutoka kichwani, na kichwa changu hakijawahi kukosa la kusema. Nilimpa kifungua mimba wa yule mama kazi ya udaktari, nikamfilisi wa pili, nikamuua wa tatu kwa homa. Wiki mbili zikapita salama.

"Mama Mugo," Nashipae akaniambia siku moja, "huyu si ndiye alikufa juzi?"

"Alizimia tu."

"Ulisema wamemzika."

"Walimzika mapema. Tazama filamu."

Akatazama, lakini siku hiyo aliondoka kabla kipindi hakijaisha. Alisema ng'ombe wanamngoja. Ng'ombe wa Nashipae hawajawahi kumngoja saa kumi na nusu.

Kukiri kungekuwa rahisi kama si habari za wifi yangu. Wifi yangu alikuwa na shamba lake kule Isinya. Ugonjwa wa sukari ulipomshika macho, watoto wake wakasema hawezi kukaa peke yake, wakamleta Kitengela, ghorofa ya nne. Haikufika miezi sita, shamba likajaa vigingi na bango la ploti za futi hamsini kwa mia. Sasa anakaa kwenye roshani akisikiliza honi. Wanawe si watu wabaya, wanampikia vizuri na kumpeleka kanisani. Wanangu nao si wabaya. Mugo, kifungua mimba wangu, ana duka la hadwea Kitengela, anauza simiti na seng'enge na hivyo vigingi vyenyewe, na nyumbani kwake kuna chumba ambacho tangu mwaka juzi kinaitwa chumba cha Mum. Nilikiogopa chumba kile kuliko nilivyouogopa upofu. Nikiingia mle, nyumba yangu ya Kisaju imekwisha, na Nashipae amekwisha, na mimi pia.

Basi nikajiambia, macho yamegoma lakini masikio bado yapo kazini. Nasikia pikipiki ikikata kona kutoka lami, najua hata ni ya nani. Yule mama wa mitungi ananena kwa sauti, haandiki barua. Kama nikijua lugha yake, sihitaji maandishi ya mtu. Lilikuwa wazo la kichaa kidogo, lakini nilikuwa na miaka sitini na tisa na sikuwa na lingine.

Chuo kiko Kitengela, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Ukipita kwenye ule ushoroba unawajua watu kwa mlango wanaoingia. Darasa la Kijerumani lilijaa manesi, wengine wamekuja na sare zao bado. Kiarabu walikuwa wasichana wa kwenda Ghuba, kimya, wanaandika kila kitu. Kichina walikuwa vijana wa kiume waliochomekea shati, kila mmoja na mpango wa kiwanda. Sisi wa Kikorea tulikuwa sita, na mwalimu wetu alikuwa msichana wa Meru aitwaye Makena, umri wa mjukuu wangu. Siku ya kwanza alituuliza kila mmoja anataka Kikorea cha nini.

Wa kwanza kujibu alikuwa Yurub, msichana wa Kisomali mwenye duka la vipodozi.

"Mimi niko na cream za Korea," akasema. "Customers wangu wanauliza kama iko na kitu ya nguruwe ndani. Nyuma imeandikwa Kikorea yote. Siwezi sema wallahi haina na sijui kusoma."

Nilimheshimu papo hapo. Katika miaka yangu yote shuleni sikuwahi kupata mwanafunzi mwenye sababu safi kama hiyo.

Wa pili alikuwa mzee Kyule, dereva wa greda aliyestaafu. Alisimama wima, kofia mkononi. Alisema alimfanyia kazi mhandisi mmoja Mkorea miaka sita, kwenye ujenzi wa barabara, na kila asubuhi yule mhandisi alimjia kwa uso uliokunjamana na kumtupia maneno yale yale mawili. Yeye hakuwahi kuuliza maana yake, kwa sababu tusi halina haja ya kutafsiriwa. Alimjibu kila asubuhi kwa Kikamba, akitabasamu.

"Ulikuwa unamjibu nini, mzee?" Makena akauliza.

"Siwezi kusema. Kuna Mwalimu hapa," akajibu, akinielekezea kofia, maana nilikuwa nimewaambia tukingoja kwamba nilifundisha.

"Na yeye alisema nini? Unakumbuka?"

"Nitasahau aje? Pap mogosso. Kila siku. Pap mogosso."

Makena akaweka chaki chini. Akasema polepole kwamba hayo maneno maana yake ni "umekula?", na kwamba huko kwao mtu humsalimia hivyo mtu anayemjali. Darasa zima likacheka, hata mimi. Kyule hakucheka. Aliketi, akaishika kofia yake kwa mikono miwili, na mwisho wa somo nilimkuta bado ameketi.

"Miaka sita, Mwalimu," akaniambia. "Na hakuna siku nilimwambia nimekula."

Alirudi somo lililofuata na daftari jipya. Alisema sasa anataka kujua vya kutosha kumwandikia yule mhandisi barua.

Mimi zamu yangu ilipofika nilisema "filamu", wakacheka tena, na sikuulizwa zaidi. Huo ni uzuri wa kuwa bibi kizee, ukitoa sababu ya kipuuzi watu wanaiamini.

Somo lilikuwa mara tatu kwa wiki. Nilikaa mbele na bado ubao ulikuwa ukuta mweupe, lakini nilisikia. Niliyarudia maneno nikichota maji, nikimpa kuku mahindi, nikipanda kitandani. Baada ya mwezi nikaanza kumsikia yule mama wa mitungi. Si yote. Nilisikia "njoo hapa", nikasikia "usiguse", nikasikia "nani kakwambia nitakufa". Nilikaribia kuanguka kwenye kiti. Nashipae akauliza kuna nini, nikamwambia kwa mara ya kwanza tangu Januari kitu ambacho kweli kilisemwa. Akasogeza kiti chake karibu. Hakuuliza habari za waliokufa.

Yurub ndiye aliyenigundua. Siku moja alinisukumia kikopo cha krimu, akasema, "Mwalimu, hebu angalia, hapa kuna neno la nguruwe?" Nilikigeuza, nikakisogeza mbali, nikakirudisha karibu, nikakohoa. "Halipo," nikasema. Kisha akakichukua, na Kyule akauliza mbona kwenye kifuniko kuna picha ya nguruwe anacheka.

Yurub hakusema lolote mbele za watu. Somo lililofuata alihamia kiti cha pembeni yangu, na Makena alipoandika ubaoni, nikasikia sauti ndogo sikioni ikinisomea kila mstari. Akaanza pia kuniita ayeeyo, ndivyo Wasomali wanavyomwita nyanya. Niliwahi kumwambia kwamba wajukuu ninao wa kutosha. "Wako, lakini hawakai hapa," akajibu, akaendelea kusoma.

Mambo yangeendelea hivyo bila kelele kama si salamu. Kuna mzee mmoja Mkorea anayelima kabichi upande wa Isinya, na Makena alimwalika aje tumsikie. Tulimsindikiza hadi mlangoni mwa duka la dawa, nikamwinamia vizuri kama tulivyofundishwa, mikono mbele, naye akaniinamia. Ndani ya duka la dawa kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu ananunua dawa ya minyoo. Sikuwa nimemaliza kuinuka Mugo akawa ameshapigiwa simu.

Hapa kwetu mtu akionekana na mgeni mara mbili, watu huuliza bei ya ekari. Siwalaumu sana. Kuanzia Kitengela hadi Isinya kila familia ina hadithi ya mzee aliyetia kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Mwanamke mjane, ekari tano pembeni ya barabara ya Namanga, halafu anamwinamia Mkorea mchana kweupe. Mwanangu aliweka mbili na mbili pamoja akapata ishirini.

Alikuja jioni hiyo hiyo, na Kui ndani ya gari. Hawakunywa chai.

"Mum," Mugo akasema, "huyo Mkorea anataka ekari ngapi?"

"Mkorea gani?"

"Umeonekana ukimwinamia."

"Ile ni salamu."

"Salamu ya ekari ngapi?"

Kui akaingilia kwa sauti yake ya kazini. Alisema wamejua nimekuwa nikienda chuoni miezi miwili, kwa siri, na wanataka tu kuelewa. Niliwaambia ukweli, au nusu yake. Niliwaambia nasoma Kikorea kwa sababu ya filamu.

"Mum, please," Mugo akasema. "Mtu wa miaka sitini na tisa hasomi lugha juu ya filamu. Ako na subtitles."

Ningemjibu nini? Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa na chumba cha kulala na ghorofa. Nikawaambia chai inapoa.

Wiki mbili baadaye nililetewa barua. Niliona muhuri, kwa sababu ulikuwa mkubwa na wa rangi, basi. Niliishika siku nzima nikiigeuza. Nikaipeleka Kitengela ndani ya Biblia, nikampa Yurub dukani kwake, katikati ya krimu. Aliisoma kimya kwanza, nami nikajua si habari njema.

"Ayeeyo," akasema, "watoto wako wameweka caution kwa shamba. Hauwezi uza, hauwezi gawa, hauwezi fanya kitu mpaka waitoe."

Sikutaka kuuza, kwa hiyo hakuna nilichopoteza. Lakini nililia pale dukani, na sikulia kidogo. Niliwabeba mgongoni, nikawafundisha a-e-i-o-u mimi mwenyewe, na leo wamekwenda kwa serikali kunishtaki. Yurub alifunga mlango wa duka, akanipa kitambaa, halafu akanipa na kikopo cha krimu, ile isiyo na nguruwe.

Kesho yake alinisindikiza hadi afisi ya ardhi Kajiado. Nilitaka kusikia walichoandika. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akatafuta faili, akaanza kunisomea. Urithi wa familia, akasema. Mama mjane, umri mkubwa. Halafu akasimama. Akarudia mstari kwa macho. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje athibitishe.

"Mama," akasema, "hapa wameandika kwamba mwenye shamba ameanza kujifunza Kikorea."

"Kweli nimeanza."

"Nimefanya kazi hapa miaka tisa. Nimeona ulevi, nimeona bibi wa pili, nimeona mtu ameokoka anataka kupea pastor shamba yote. Ya lugha ni ya kwanza."

Mwenzake akaniuliza, kwa heshima zote, jinsi ya kusema "habari" kwa Kikorea. Nikamfundisha. Nilipotoka, afisi nzima ilikuwa inaamkiana kwa Kikorea, na hasira zangu zilikuwa zimepungua kwa nusu. Nusu iliyobaki niliitunza, nilijua nitaihitaji.

Niliihitaji Jumamosi. Mugo aliitisha kikao nyumbani kwangu, bila kuniuliza. Alikuja na Kui, na baba yao mdogo Kimani, ambaye ni shemeji yangu na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na mzee mmoja wa kanisa ili kuwe na maombi. Waliketi sebuleni. Mzee wa kanisa aliomba kwa muda mrefu kuhusu Nabothi na shamba lake la mizabibu, ingawa sikuelewa katika familia hii Ahabu mnyang'anyi ni nani. Kisha Mugo akatoa karatasi.

"Hatutaki ugomvi," akasema. "Tumeandika makubaliano. Mum akitia sahihi, caution tunatoa, mambo yanaisha. Uncle ni shahidi."

"Soma tusikie," nikasema.

"Hapana, Mum. Soma wewe mwenyewe. Wewe ni mwalimu. Usije ukasema tulikudanganya."

Akaiweka mkononi mwangu. Nilifikiria kusema miwani yangu imepotea, lakini ilikuwa usoni. Nikamgeukia Kui, nikamwambia koo langu linakwaruza, asome yeye.

"Mwalimu asomewe?" Kimani akacheka. "Wewe ndiye ulinisomea barua zangu zote za zamani, hata zile za mapenzi. Soma, tunangoja."

Karatasi ilikuwa nyeupe. Nyeupe juu, nyeupe chini, na katikati kivuli. Nilisikia saa ya ukutani, nikamsikia mzee wa kanisa akijikuna goti. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya ubao, mbele ya mkaguzi, hata mbele ya jeneza la mume wangu. Nikisema sioni, jioni hii hii nitalala chumba cha Mum. Nikanyoosha mgongo, nikainua karatasi, nikasoma.

"Mimi, Waceke, mjane, mwalimu mstaafu, nikiwa na akili timamu, nasema mbele ya mashahidi," nikasoma, "kwamba shamba langu la Kisaju sitaliuza kwa Mkorea wala kwa mtu mwingine."

"Amina," akasema mzee wa kanisa.

"Nao watoto wangu hawataliuza, wala kulipima, wala kutia kigingi hata kimoja, nikiwa hai."

Kui akasema, "Aa, ngoja," kisha akasema, "Aii," kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu. Nikaendelea. Nilikuwa nimeshaingia, na sauti ilikuwa imerudi.

"Nitaishi katika nyumba yangu hii hadi nitakapotolewa nimebebwa. Sitahamishwa kwa sababu ya uzee, wala ugonjwa, wala upweke, maana upweke huku sina. Jumapili ya kwanza ya mwezi watoto wangu watakuja na wajukuu, na watakaa mpaka ng'ombe wa jirani warudi, si kuacha gari likinguruma nje. Na masomo yangu ya Kitengela nitayaendeleza, na nisiulizwe ni ya nini."

Nikaikunja karatasi. Nilitazama pale ambapo uso wa Mugo ulipaswa kuwa, na nilichoona kilikuwa doa tu, doa la mwanangu.

Kimani ndiye aliyesema kwanza. Alipiga goti lake kwa kiganja.

"Mugo," akasema, "nilidhani unatuita kumnyang'anya mamako shamba. Kumbe umeandika kitu kama hii. Hii ni makubaliano ya mtu mwenye hekima. Baba yako angefurahi."

"Ni kweli kabisa," mzee wa kanisa akasema. "Hata ile ya Jumapili."

Nikamsikia Mugo akivuta pumzi. Angeweza kusema. Neno moja tu, na ningekuwa mzee kipofu aliyesimama mbele ya wageni na uongo mkononi. Akainuka, akaja, akaichukua ile karatasi kwangu polepole, vidole vyake vikagusa vyangu.

"Asante, uncle," akasema. "Kuna makosa madogo ya taipu. Nitaiandika tena, vile tu Mum amesoma. Kui, tafuta kalamu."

Kisha akanishika mkono, akanitoa nje kupitia mlango wa jikoni. Tulisimama kwenye upepo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Januari."

"Januari, Mum. Na unavuka barabara ya Namanga kila wiki."

"Nasikia magari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenichukua."

Mugo ana tabia moja aliyoirithi kwa baba yake, hawezi kudanganya akiwa amesimama.

"Ningekuchukua," akasema. "Kweli ningekuchukua. Hiyo karatasi ilisema utahamia kwangu mwezi ujao."

"Basi nimeisoma vizuri kuliko ulivyoiandika."

Akacheka, halafu sauti ikamkatika, na nikajua analia. Nikamwambia nilikuwa naogopa. Nikamwambia sijawahi kuogopa hivyo, kila asubuhi nikiamka nilihesabu vitu ninavyoviona kutoka kitandani, na kila wiki vilikuwa vimepungua, na nisingeweza kumwambia mtu kwa sababu wanaonipenda ndio wangenihamisha. Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuwa mafupi baada ya kuyaficha miezi yote hiyo.

"Jumatatu twende hospitali," akasema. "Labda ni mtoto wa jicho tu. Wanatoa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hapa, si kwangu. Hapa."

"Twende."

"Na ukishaona, Kikorea unaacha?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilianza kwa sababu ya macho, ni kweli. Lakini mle darasani Kyule ana barua anayoiandika, na imebaki mistari miwili asiyojua kuisema. Yurub anangoja shehena mpya. Na hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuniambia, keti chini Mum, pumzika.

"Siachi," nikasema. "Rudi ndani uandike kabla mjomba wako wa makelele hajasahau alichosikia."

"Ni baba mdogo, Mum, si mjomba."

"Rudi uandike."

Akarudi. Mimi nikabaki nimeegemea ukuta wenye joto la jua, nikijipangusa. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilisikia kiti kikivutwa, nikasikia kalamu, nikamsikia Mugo akiandika huku akijisomea kwa sauti, wala kupima, wala kutia kigingi. Kisha akasimama.

"Kui," akauliza, "alisema Jumapili ya kwanza ama kila Jumapili?"

"Ya kwanza," Kui akasema.

"Kila Jumapili," nikawaambia kutoka nje.

Kisha nikaisikia kalamu ikiandika.